Saa 60 za mpwa wangu

Siku hizi saa za kazi ya jamii zinanunuliwa. Andika kwenye simu yako, kwa Kiingereza, kwamba mahakama imekuamuru ufanye kazi za kujitolea na unatafuta njia ya kuzifanya mtandaoni, utaletewa tovuti zenye orodha ya bei. Saa 10 bei hii, saa 40 bei ile, na ukichukua nyingi unapunguziwa. Unalipa kwa kadi, unafungua masomo kuhusu hasira, marafiki wabaya na matumizi ya pesa, saa inahesabu pembeni ya kioo, na muda ukitimia unatumiwa barua yenye nembo na sahihi. Jamii inayotajwa kwenye jina la adhabu hiyo haijapata kitu. Hakuna uwanja uliofagiliwa wala mtoto aliyefundishwa kusoma. Aliyefaidika ni mwenye tovuti.

Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndani ya familia yetu tumelipitia, na kwa sababu naamini kabisa kwamba kazi ya jamii inaweza kufanyika kwa njia ya mtandao na ikawa kazi ya kweli. Nimeiona kwa macho yangu. Lakini lazima upande wa pili wa kioo awepo mtu anayeihitaji.

Mpwa wangu alizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kwa ajili yetu sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo. Dada yangu alimleta San Diego, California, huku Marekani, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Tulipangiwa City Heights, mtaa ambao ukipanda basi namba 7 kwenye University Avenue utasikia Kisomali, Kihispania, Kivietinamu na Kiswahili kabla hujafika kituo cha tatu. Amekua hapo. Kiingereza chake ni cha hapo, nguo zake ni za hapo, na rafiki zake ni wa hapo.

Akiwa na miaka 19, usiku mmoja baada ya zamu yake ya kuosha vyombo hotelini, alisimama na wenzake wawili mbele ya duka la fundi cherehani kwenye El Cajon Boulevard, akapuliza rangi, akaandika jina lake la utani kwenye geti la chuma lililokuwa limefungwa. Herufi za rangi ya fedha, kingo nyeusi, urefu wa mtu mzima. Gari la polisi lilipokata kona, wenzake walikimbia. Yeye alibaki na kopo mkononi.

Shtaka lilikuwa la kuharibu mali, kifungu cha 594 cha Sheria ya Adhabu ya California. Kifungu hicho kina mstari mmoja ambao kila mzazi wa huku anapaswa kuujua: dola 400. Hasara ikiwa chini ya hapo, ni kosa dogo, ingawa kifungo chake kinaweza kufika mwaka mmoja katika jela ya kaunti na faini dola 1,000. Ikifika 400 au kuzidi, mwendesha mashtaka anaweza kulifungua kama kosa kubwa, na faini inapanda hadi dola 10,000. Maisha ya kijana yanaweza kugeuka kwa tofauti ya ndoo moja ya rangi.

Na ankara ya kwanza iliyoletwa ilizidi 400. Hapo ndipo nilipomheshimu wakili wetu wa utetezi wa umma, mama mmoja asiyepaza sauti, aliyekuwa na mafaili mengi kuliko meza yake. Alifungua picha za mtaa kwenye ramani ya Google, akarudi nyuma hadi picha za mwaka uliotangulia, akatuonyesha geti lile lile likiwa tayari na michoro ya watu wengine pande zote mbili. Ankara ilikuwa ya kusafisha na kupaka geti zima. Aliomba hesabu ya sehemu aliyoiharibu kijana wetu peke yake, ikashuka chini ya mstari. Hakumpunguzia mwenye duka haki yake hata senti moja. Alikataa tu kijana mmoja abebeshwe mzigo wa mtaa mzima.

Tulipokaa naye mara ya kwanza, swali lake la mwanzo halikuwa kama kijana alifanya au hakufanya. Aliuliza: “Ana karatasi gani za uhamiaji?”

Wengi wetu hatulijui jambo hili mpaka limetukuta. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamletea hatari ya kufukuzwa nchini. Padilla mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Honduras aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam akiwa na sare ya nchi hii, kisha akashauriwa vibaya akakiri. Tena sheria ya uhamiaji, tangu ilipobadilishwa mwaka 1996, inahesabu kwamba umetiwa hatiani ukishakiri na jaji akakupa adhabu au sharti lolote, hata kama baadaye mahakama ya jimbo itaifuta kesi. Kwa hiyo yule jamaa anayekwambia “kiri tu, ufanye kazi zao, itafutwa” anaweza kukuchimbia kaburi bila kujua.

Wakili wetu aliomba njia nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kifungu cha 1001.95 kinamruhusu jaji wa California kuisimamisha kesi ya kosa dogo kwa muda usiozidi miezi 24, bila mshtakiwa kukiri chochote, hata mwendesha mashtaka akipinga. Ukitimiza masharti, kesi inafutwa. Usipoyatimiza, inaendelea ilipoachwa. Jaji alikubali. Masharti yakawa saa 60 za kazi ya jamii, kulipa hasara ya geti kwa awamu, kutokukamatwa tena, na kutolikaribia duka lile mpaka mahakama iseme vingine.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomwumiza dada yangu.

Kwetu ukimkosea jirani huketi ndani ukisubiri barua. Unachukua wazee wawili, unabeba kitu mkononi, unakwenda kubisha hodi. Dada alikuwa ameshapanga yote tangu asubuhi ya kwanza: nani atatangulia, nani atasema, na kwamba mwanawe atapiga magoti. Wakili alimkataza kabla hajamaliza sentensi. Neno lolote atakalolisema kijana pale dukani linaweza kurudi mahakamani kama ushahidi, na watu wanne wakimwendea mlalamikaji mlangoni kwake wanaweza kuonekana wanamtisha. Nilimtafsiria dada neno kwa neno. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Yaani hapa mtu anaombwa radhi na karatasi?”

Nilimjibu dada kwamba wakili anamlinda mwanawe, na ilikuwa kweli. Lakini na dada alikuwa na haki. Utaratibu ulikuwa umemweka mwenye geti upande mmoja na aliyelichafua upande mwingine, na katikati mafaili. Yule bibi mwenye duka, ambaye jina lake tulilisoma tu kwenye ankara, alikuwa akilifungua geti lake kila asubuhi bila kujua kama kuna mtu yeyote anayejutia. Kwa miezi ile, dada akipanda basi linalopita pale dukani alikuwa anakaa upande wa pili asilione geti.

Sasa saa 60. Huku ukishaamriwa, mara nyingi unapelekwa kwa shirika linalokupangia mahali: benki ya chakula, bustani, ufukwe, kanisa. Sehemu nyingi zinataka watu mchana wa siku za kazi. Mpwa wangu alikuwa anatoka kazini alfajiri, na mama yake ana siku tatu kwa wiki za kusafishwa damu, ambazo mtu wa kumsindikiza ni yeye. Wakili akamwomba jaji nusu ya saa hizo 60 zifanyike kwa mtandao. Jaji akauliza maswali ya maana: nani atasimamia, shirika gani lisilo la faida litaweka sahihi, na kitaandikwa nini, muda tu au kazi yenyewe? Akaruhusu saa 30 kwa masharti kwamba awepo msimamizi mwenye jina, na daftari lionyeshe kilichofanyika. Iliandikwa kwenye amri ya mahakama, tukapewa nakala.

Nakala hiyo ilikuwa na thamani kuliko tulivyodhani. Kijana mwingine wa kundi lile, aliyekuwa mbele ya jaji mwingine kwa jambo lake jingine, alinunua saa zake zote kwenye mojawapo ya tovuti nilizozitaja. Alizisoma kweli, kwa mujibu wa mama yake, usiku hadi usiku, akibofya “endelea” kila ukurasa ulipomruhusu. Barua ilipofika mahakamani ikarudishwa, kwa kuwa hakuna aliyeiidhinisha kabla. Kuna majaji na kaunti zinazozipokea barua hizo na kuna zinazozikataa, na tovuti yenyewe inakuambia kwa maandishi madogo uulize kwanza. Pesa haikurudi. Yule mama ni mfanyakazi wa kutandika vitanda hotelini. Alilipa kwa mshahara wake.

Ndipo nilipoanza kusoma adhabu hii ilitoka wapi, na nilichokikuta kimenifanya nizichukie zaidi zile orodha za bei. Wanaoandika historia yake hutaja Kaunti ya Alameda, huku huku California, mwaka 1966. Walioanza kupewa walikuwa wanawake waliokamatwa kwa makosa ya barabarani ambao hawakuwa na pesa ya faini. Mwenye pesa alilipa akaenda nyumbani; asiye nayo alikuwa anakabiliwa na jela kwa kosa lile lile. Mahakama ikasema: basi toa muda wako, uwafanyie watu kazi. Uingereza ikaijaribu mwaka 1973 katika maeneo sita, kisha ikaenea. Zimbabwe iliianza mapema miaka ya 1990 kwa sababu magereza yalifurika watu wa vifungo vifupi, na kutoka hapo ikashuka kwetu: Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Uganda 2000, Tanzania 2002. Sheria za Kenya na Tanzania zinawahusu watu ambao kifungo chao hakizidi miaka mitatu, na anayepita karibu na ofisi ya chifu au zahanati ya serikali anaweza kuwaona wakifyeka nyasi, wakichimba vyoo vya shule, wakimwagilia vitalu vya miti.

Maana yake ni kwamba adhabu hii ilizaliwa ili ukosefu wa pesa usimpeleke mtu jela. Muda ndiyo mali pekee ambayo maskini na tajiri wanayo sawa. Ukishaigeuza saa kuwa bidhaa yenye bei, umerudisha faini kwa mlango wa nyuma, tena faini isiyoingia hata kwenye hazina ya umma.

Saa 30 za mtandao za mpwa wangu zilitoka kwa shirika dogo la wakimbizi hapa mtaani, ambako mwalimu mmoja mstaafu huwafundisha vijana kuchora ramani Jumamosi. Ramani yenyewe ni OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, na kazi zinagawiwa kupitia timu ya kibinadamu ya ramani hiyo. Eneo linakatwa vipande vya mraba. Unachukua kipande kimoja, kinafungwa kwa jina lako kwa saa mbili ili mtu mwingine asikiguse, unafunguliwa picha ya setilaiti, unaanza kuchora kila nyumba unayoiona juu yake.

Nilikaa naye zaidi ya mara moja, na niseme wazi kwamba ile ni kazi. Paa la bati linang'aa, unalipata haraka: unabofya kona nne, unabonyeza Q, pembe zinanyooka. Nyumba ya nyasi ya duara ni ngumu zaidi, maana kwenye picha inaweza kuwa nyumba, inaweza kuwa kivuli cha mti, inaweza kuwa lundo la mabua. Unazungushia vitone, unabonyeza O, unapata duara. Kisha njia. Njia ya miguu ya kijijini haionekani kama barabara; ni uzi mweupe unaopotea chini ya miembe na kutokea upande wa pili, na unapaswa kuamua kama ni uzi mmoja au mbili. Ukimaliza unaandika ulichofanya, unakituma, na mtu mwenye uzoefu zaidi, ambaye huenda yuko nchi nyingine kabisa, anakipitia. Kikiwa sawa anakipitisha. Kikiwa na kasoro kinarudi na maelezo. Kipande cha kwanza cha mpwa wangu kilirudi: alikuwa amechora vivuli pamoja na nyumba, kila paa likawa kubwa kuliko lilivyo. Alikirudia chote.

Vipande alivyopewa vilikuwa vya vijijini Tanzania, katika mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015. Mwalimu alimweleza kazi ya ramani zile. Mkoani Mara, ukeketaji wa wasichana bado unaendelea ingawa sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inaukataza kwa aliye chini ya miaka 18, na msimu wake mbaya ni Desemba, shule zikifungwa. Kuna nyumba salama huko, Mugumu wilayani Serengeti na Butiama, ambako wasichana hukimbilia. Msichana akipiga simu usiku kutoka kijiji ambacho kwenye ramani ni eneo tupu la kijani, gari la kumfuata litapita njia ipi? Wanaharakati wanahitaji kujua kijiji kiko wapi, kina njia ngapi za kuingilia na mto unavukwa wapi.

Mpwa wangu hakujibu kitu aliposikia hayo. Lakini siku ile aliendelea kuchora baada ya muda wake kwisha, na mwalimu alipomwambia saa zile hazitahesabiwa, alisema anajua.

Baadaye kidogo aliisogeza ramani magharibi, akapita Kibondo, akashuka Kasulu, akaifuata barabara ya Makere mpaka Nyarugusu. Akamwita mama yake jikoni. Dada hajui kusoma ramani, lakini alijua kona ile ya barabara, akaweka kidole kwenye kioo akasema, “Hapa tulikuwa tunapanga foleni ya mahindi.” Wakakaa pale kijana akiuliza na mama akijibu, kisima kilikuwa wapi, kanisa wapi, nani alikaa zone gani. Nimekuwa nikijaribu miaka mingi kumfanya kijana huyu aulize mambo ya kambini.

Kwa upande wa mahakama, kazi hii ina faida ambayo zile tovuti za kulipia haziwezi kuitoa. Kila badiliko kwenye ramani linabaki na jina la mtumiaji, tarehe na saa, na yeyote anaweza kulifungua akaona nini kilichorwa. Daftari la mpwa wangu lilikuwa na namba za mabadiliko hayo, na mwalimu aliweka sahihi kila mwisho wa wiki. Jaji angetaka, angeweza kuziona nyumba zenyewe.

Na hata ramani ina watu wanaoichafua. Agosti 2018, watumiaji wa Snapchat na programu nyingine walifungua ramani wakakuta jina la jiji la New York limebadilishwa kuwa tusi dhidi ya Wayahudi. Mtu alikuwa ameliandika kwenye OpenStreetMap wiki kadhaa nyuma. Watu wa ramani walilifuta mapema, lakini kampuni iliyokuwa inachukua data zake ilikuwa imeshalibeba. Mpwa wangu aliposoma kisa hicho alinitazama. “Mjomba, hata huku wanapuliza rangi.” Alishangazwa zaidi na kwamba kuna watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kufuatilia uharibifu wa namna hiyo na kuurudisha ulivyokuwa, siku zote, bila mshahara.

Saa 30 za mikono alizifanya asubuhi za wikiendi na kikundi cha kufuta michoro kwenye kuta. Hayo nitayapita haraka, ila mambo mawili. La kwanza ni kwamba alijifunza inachogharimu. Ukipaka rangi mpya moja kwa moja juu ya wino wa kalamu nene, wino unapenya na kujitokeza tena baada ya siku chache, kwa hiyo lazima utangulize rangi ya kuzuia, usubiri ikauke, ndipo upake ya juu. Na rangi ya juu haifanani na ukuta hata ukichanganya vipi, panabaki kiraka. Anayelipia kiraka ni mwenye ukuta.

La pili ni Chicano Park. Msimamizi wao, mzee wa Kimeksiko, aliwapeleka huko wakati wa chakula cha mchana. Ni chini ya daraja la Coronado, lililofunguliwa mwaka 1969 na nguzo zake kupita katikati ya makazi ya watu wa Barrio Logan. Watu waliahidiwa bustani. Tarehe 22 Aprili 1970 wakaona matingatinga yanasafisha ardhi ili kijengwe kituo cha polisi wa barabara kuu, wakaingia wakajishika mikono, wakakalia eneo mpaka serikali ikakubali. Kuanzia mwaka 1973 wakaanza kuzichora nguzo zile za zege, na mwishoni mwa 2016 mahali pale pakatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Mpwa wangu alirudi nyumbani na picha nyingi kwenye simu. Alikuwa ameona watu wanaotumia rangi kwa ustadi kuliko yeye, juu ya zege la serikali, na majirani wanaozilinda nguzo zile kama mali yao kwa sababu kila mmoja anaiona historia ya watu wake pale. Anachora bado. Ana daftari, na amewahi kuulizia namna ya kuwasaidia wanaozikarabati nguzo.

Dukani tulikwenda mwishowe. Mwendesha mashtaka ana ofisi inayoshughulikia walioathirika na makosa, na kupitia huko wakili alituma ujumbe: familia inaomba kuja, kama mwenye duka hataki basi. Jibu lilikawia, kisha likaja kwamba anakubali, na mahakama ikaliondoa lile katazo. Tulikuwa wanne: dada, mimi, mzee wa kanisa letu na kijana. Dada alibeba mandazi. Bibi ni Mvietinamu aliyepita miaka 70, na mjukuu wake alikuwepo kutafsiri. Dada alisema kwa Kiswahili, mimi nikaweka kwa Kiingereza, mjukuu akaweka kwa Kivietinamu, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Kijana alipiga magoti kama mama yake alivyotaka. Bibi alishtuka, akamshika bega ainuke.

Aliuliza jambo moja tu: kwa nini geti langu? Kijana alijibu ukweli. Linaonekana vizuri kutoka kwenye basi, kwa sababu taa ya barabara iko juu yake. Bibi alitikisa kichwa polepole. Akasema kila mara likichorwa hulipia yeye, kwa sababu jiji humtaka mwenye jengo asafishe, na kwamba siku ile alidhani wanamtaka ahame.

Sikutegemea hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitegemea. Jina la utani la mtoto, na mtu akalisoma kama amri ya kuondoka.

Akauliza tumetoka wapi. Dada aliposema kambini, bibi alisema na yeye. Mwaka 1975, baada ya Saigon kuanguka, alikaa kwenye mahema ya Camp Pendleton, kambi ya wanamaji iliyo kaskazini ya hapa, ambako maelfu ya Wavietinamu walipokelewa. Alikumbuka baridi ya usiku na makoti ya jeshi waliyopewa, makubwa mno. Basi wanawake wawili wakaanza kuulizana habari za mahema, maji na foleni, sisi wafasiri tukipitwa. Tulikaa mpaka mteja alipoingia kuchukua suruali yake.

Mzazi unayesoma haya na mwanao yuko mahakamani: usilipie saa zozote kabla jaji au afisa anayesimamia kesi hajaziidhinisha kwa maandishi. Mwambie wakili hali ya karatasi zenu za uhamiaji kabla ya neno lingine lolote. Na kama mtapewa nafasi ya kufanya kwa mtandao, ulizeni kazi hiyo inamfikia nani.

Kesi ilifutwa muda ulipotimia. Kisheria hapa California mpwa wangu anaweza kusema hajawahi kukamatwa kwa jambo lile, isipokuwa katika mambo machache, na moja ya hayo ni letu. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, na jibu ni ndiyo hata kama kesi ilifutwa na kumbukumbu zikafungwa. Anayeficha huonekana mwongo, na uwongo kwenye fomu ile ni mbaya kuliko rangi kwenye geti. Kwa hiyo alijibu ndiyo, akaambatisha nakala ya mahakama yenye mhuri, risiti za malipo ya geti na barua ya mwalimu wa ramani. Fomu imeshapokelewa. Tunasubiri aitwe kuchukuliwa alama za vidole.